Mahali pa Kukaa Katika Karamu za Nyanza ya Kusini

Msomaji kijana, ukialikwa pamoja na wazazi wako katika ukumbi ambamo watu hula chakula cha jioni huku wapigaji muziki wakiwatumbuiza, jambo la kwanza litakalowashughulisha, kabla ya sahani kufika na kabla ya wimbo kuanza, ni mahali pa kukaa. Baba atapenda meza iliyo karibu na jukwaa, apate kuziona nyuso za waimbaji. Mama atapenda iliyo mbali kidogo na vipaza sauti, watu wapate kusikilizana. Nawe pengine utapenda ile iliyo karibu na mlango, ili uweze kuponyoka. Mtashauriana, na mwenye fedha za kulipia mahali pema atapapata. Mambo haya huonekana madogo, wala hayaandikwi katika vitabu vya historia pamoja na vita na mikataba. Hata hivyo nataka nikuonyeshe kwamba huku kuchagua kiti ni jambo geni katika nchi ya Migori na Homa Bay, na kwamba nyanya ya nyanya yako, kama alikuwa Mluo wa upande huu wa ziwa, hakuwa na la kuchagua alipofika karamuni. Alijua mahali pake kama alivyojua jina lake.

Yafaa tuanze na boma lenyewe. Katika wilaya ile iliyoitwa zamani Kavirondo ya Kusini, na baadaye Nyanza ya Kusini, mji wa Mluo ulizungukwa na ua wa miti, na mahali pengine ukuta wa mawe. Ukuta uliosifika kuliko zote ni ule wa Thimlich Ohinga katika Kaunti ya Migori, uliojengwa yapata karne ya 16, mawe yamepangwa juu ya mawe bila chokaa wala udongo wa kuyashikisha, nao kwa urefu wafika mita 4.5 mahali pengine. Mwaka 2018 shirika la UNESCO liliutia katika orodha ya Urithi wa Dunia. Ukiutembelea utaonyeshwa mahali pa zizi, na mahali pa nyumba, na jiwe lenye vishimo vya mchezo wa bao. Viti vya wale waliocheza bao hutaviona. Jiwe hudumu, mti huoza, na kwa sababu hiyo mwenye kuichunguza historia ya viti hana budi kuwategemea zaidi watu waliokumbuka kuliko vitu vilivyosalia.

Ndani ya boma kila nyumba ilikuwa na mahali pake. Nyumba ya mke wa kwanza, aitwaye mikayi, ilielekea lango. Ya mke wa pili, nyachira, ilikuwa upande wake wa kuume. Ya mke wa tatu, reru, upande wa kushoto. Wavulana waliokua walijenga vibanda vyao karibu na lango. Karibu na zizi la ng'ombe palikuwa na kibanda cha mwenye mji, kiitwacho duol, ambamo wanaume walikula, walizungumza, na kuamua mambo. Mgeni aliyeingia langoni aliweza kusoma daraja za watu wote kwa kutazama paa za nyumba tu, kama vile wewe usomavyo orodha ya majina ukutani. Basi karamu ilipofanywa, viti vilifuata mpango ambao nyumba zilikuwa zimekwisha kuuweka.

Kiti cha Mluo kiliitwa kom, nacho aghalabu kilichongwa katika kipande kimoja cha mti, kifupi, chenye miguu mitatu au minne. Lisikilize neno hilo. Mwenye kuongoza mkutano kwa Kiluo huitwa jakom, yaani mwenye kiti, sawasawa na Kiswahili chetu tunaposema mwenyekiti.  Katika lugha zote mbili akaaye kitini ndiye asemaye, na wengine husikiliza. Huko pwani, Lamu na Pate na Siyu, matajiri walikuwa na kiti cha enzi, cha mti mweusi kilichotiwa nakshi ya pembe, nacho alipewa mgeni wa heshima. Kom ya Mluo haikuwa na pembe wala nakshi nyingi, lakini mwana hakuthubutu kuikalia ya baba yake angali hai. Wanawake na watoto walikaa juu ya ngozi na mikeka.

Sasa tuitazame karamu yenyewe, tuseme ya mavuno, au ya arusi, au ile iliyofuata msiba wa mzee. Katikati ya duol uliwekwa mtungi wa pombe, kong'o, na wazee wakauzunguka, kila mmoja na mrija wake mrefu uitwao oseke. Mrija ule ulipita urefu wa mtu, na kwa hiyo mzee aliweza kukaa mbali na mtungi na bado akanywa. Lakini ni wachache waliokuwa na haki ya kutia mrija wao ndani. Chakula kilitoka katika nyumba ya kila mke na kuletwa kwa wanaume, nao wanawake wakala nyumbani kwao pamoja na watoto wadogo. Kuku, ambaye leo ndiye nyama ya wageni na ya sikukuu, hakuliwa na wanawake kwa desturi ile ya kale. Mkwe wa kiume na mama wa mkewe hawakuketi mahali pamoja wala kula pamoja. Waliheshimiana kwa kuepukana, na mwenye karamu asiyeangalia jambo hilo aliwaaibisha wote wawili.

Usidhani kwamba mpango kama huu ulikuwa wa Nyanza peke yake. Matajiri wa Roma ya kale walikula wamejinyosha juu ya vitanda vitatu vilivyoizunguka meza, watu tisa kwa jumla, na kila mgeni alijua ni nafasi ipi ya heshima na ni ipi ya dharau. Katika Uingereza ya zamani bwana alikaa na jamaa zake kwenye meza iliyoinuliwa, na chombo cha chumvi kiliwekwa mezani kiwe mpaka: wenye cheo upande huu, wasio na cheo upande ule. Hata leo katika sherehe zetu tunayo meza kuu, yenye kitambaa cheupe na chupa za maji, nao wanaoketi hapo hupakuliwa kwanza.

Lakini katika karamu ya Nyanza ya Kusini kulikuwa na mtu mmoja aliyeuvuruga mpango huo, naye ndiye nitakayekaa kwake zaidi. Mtu huyo ni jathum, mpiga nyatiti.

Nyatiti ni kinubi chenye nyuzi nane na kisanduku cha mti kilichowambwa ngozi. Mpigaji hukaa juu ya kiti kifupi mno, karibu agusane na ardhi, naye amevaa kidoleni pa mguu pete ya chuma, ambayo huigonga ukingoni mwa kinubi, na mguuni amefunga njuga ziitwazo gara. Kwa hiyo mtu mmoja huimba, hupiga nyuzi, hupiga mwendo kwa chuma na hulia njuga, yote kwa wakati mmoja. Jirani zake Wakuria wa huko Kehancha wana kinubi chao, iritungu, kikubwa zaidi na chenye sauti nzito. Lakini nyatiti, pamoja na mlio wake mtamu, haisikiki mbali. Palipo na watu mia, maneno ya mwimbaji huwafikia vizuri wale walio karibu tu. Na katika nyimbo za nyatiti maneno ndiyo chakula chenyewe, kwa maana humo mna sifa za watu, na habari za koo, na mafumbo, na dhihaka. Aliyekaa nyuma alisikia mlio wa nyuzi na kicheko cha walio mbele, asijue wanacheka nini.

Hebu fikiri maana yake. Viti vilivyokuwa karibu na mtungi ndivyo vilivyokuwa karibu na mwimbaji, navyo vilikuwa vya wazee. Nyuma yao walikuwa wanaume wa umri wa kati, nyuma zaidi vijana, na mlangoni na uani wanawake, wakisimama, wakiitikia kwa vigelegele. Kwa hiyo kiti kilimpa mtu pombe, na nyama, na habari. Kijana alingoja miaka ishirini kusogea hatua tatu. Mwanamke hakusogea.

Hata hivyo palikuwa na njia, nayo inaitwa pakruok. Katikati ya wimbo msikilizaji yeyote aliweza kumsimamisha mwimbaji kwa kumpa kitu. Nyuzi zilinyamaza, au zilipigwa polepole, na yule aliyetoa kitu akasimama akajitaja kwa majina ya sifa: yeye ni nani, mwana wa nani, atoka wapi, mamaye ni binti wa ukoo gani, rafiki zake ni akina nani, na amepata nini duniani. Alisema kwa mafumbo na kwa majivuno makubwa, na watu wakacheka na kushangilia. Kisha mwimbaji akayachukua maneno yale akayatia katika wimbo. Mwingine akaona wivu, akatoa chake, akajisifu kupita yule wa kwanza. Wageni wa Kizungu waliosikia jambo hili waliliona ni kujigamba tu. Mimi sioni hivyo. Naona kwamba hapo mtu wa nyuma alikuwa akinunua kiti cha mbele kwa muda wa pumzi chache. Mwili wake ulibaki mlangoni, lakini jina lake lilikaa katikati ya duol, mbele ya mzee mwenye kom, na mzee hakuwa na haki ya kulinyamazisha. Watu wa pwani wataikumbuka desturi yao ya kumtunza mwimbaji wa taarabu, pale msikilizaji ainukapo na kwenda kumpa fedha wakati ubeti unapomgusa. Lakini mwenye kutunza aghalabu hanyanyui sauti yake, humwachia mwimbaji aseme kwa niaba yake. Mluo alitaka kusema mwenyewe.

Zamani kitu kilichotolewa hakikuwa fedha, kwa kuwa fedha haikuwapo. Kisha fedha ikaja, na hapo mizani ya karamu ikaanza kuinama. Reli ilifika pwani ya ziwa, mahali paitwapo sasa Kisumu, mwaka 1901, na meli zikaziunganisha Kendu Bay, Homa Bay na Karungu na reli hiyo. Serikali ya Kiingereza ikatoza kodi ya nyumba, nayo ilitakiwa ilipwe kwa fedha. Ili kuipata fedha hiyo vijana walikwenda kufanya kazi relini, na kwenye mashamba ya chai ya Kericho, na katika miaka ya 1930 kwenye machimbo ya dhahabu upande wa Macalder na Migori. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 rupia iliondolewa ikaja shilingi, na pamoja na shilingi senti kumi ile kubwa yenye tundu katikati, ambayo wazee wengi waliweza kuitunga katika uzi.

Sasa mtazame kijana aliyerudi kutoka Kericho na sarafu katika uzi, na mtazame mzee mwenye ng'ombe arobaini asiye na senti. Ng'ombe hawezi kukatwa vipande ili kulipia pakruok. Mzee amekaa karibu na mwimbaji, na kijana amesimama nyuma. Lakini ni kijana asimamishaye wimbo mara tano, na jina lake ndilo litakaloimbwa na wachunga ng'ombe kesho yake. Kwa mtazamo wangu, hapa ndipo kiti kilipoanza kuachana na umri. Hakuna amri iliyotolewa, wala mkutano uliofanywa. Kila mtu alibaki alipokuwa amekaa, na kumbe mahali pale pamekwisha kugeuka maana.

Jambo la pili lililoondoa mpango wa zamani lilikuwa benchi. Mnamo Novemba 1906 wamishonari Waadventista Wasabato walifika Gendia, karibu na Kendu Bay, wakajenga kanisa na shule. Waliobatizwa waliacha pombe na tumbako, na pamoja na pombe waliuacha mtungi na duara lililouzunguka. Hawakuondolewa na mtu. Walijiondoa, na mahali pao pakabaki wazi. Kanisani waliketi juu ya mabenchi, wote wakitazama mbele, migongo yao ikiwaelekea wenzao. Katika duara kila mtu humwona mwenziwe, lakini katika mistari ya mabenchi wote humwona mmoja. Shuleni mvulana aliyejua kusoma alikaa mbele ya mtu mzima aliyekuwa akijifunza herufi. Na katika nyumba za wasomi wapya ikaingia meza, na kandokando yake baba, mama na watoto wakala pamoja, jambo ambalo babu zao wangalitahayari kulitazama. Ile familia inayokwenda leo kutafuta meza ukumbini ilizaliwa katika nyumba za namna hiyo.

Mtu mmoja wa nchi hii aliyaona mabadiliko hayo akayaandika. Paul Mboya, mchungaji wa Kisabato na chifu wa Karachuonyo, alitoa mwaka 1938 kitabu kwa Kiluo juu ya mila na desturi za Waluo, kiitwacho Luo Kitgi gi Timbegi. Mchungaji aliyekwisha kuacha mengi ya zamani ndiye aliyejitahidi kuyahifadhi katika maandiko, na hadi leo watu hukiendea kitabu hicho wanapogombana juu ya desturi ipi ni ya kweli. Ninakusihi, msomaji, ukisome na vitabu kama hicho kwa heshima na kwa hadhari pia. Karibu desturi zote tulizoandikiwa juu ya karamu zilisimuliwa na wanaume, yaani na wale waliokaa ndani ya duol. Waliokaa uani waliona karamu nyingine.

Nao walikuwa na ukumbi wao. Usiku, baada ya chakula, wasichana na watoto wadogo walikusanyika katika siwindhe, nyumba ya mwanamke mzee aliyeitwa pim katika sehemu nyingi, wakalala humo, wakasimuliwa hadithi. Hapo mwenye kiti alikuwa mwanamke, na mahali pema palikuwa karibu na moto. Huyo mzee hakuuliza mtoto ana baba gani. Alitega kitendawili, na aliyeshindwa alidaiwa hadithi au mji. Nadhani kama tungalikuwa na kitabu kilichoandikwa mwaka 1938 na mmoja wa wanawake hao, sura ya karamu ingalikuwa fupi na sura ya siwindhe ndefu sana.

Katika miji mikubwa, wakati huohuo, viti viligawanywa kwa rangi ya ngozi. Hadi miaka ya 1950 hoteli kubwa za Nairobi zilikuwa za Wazungu. Mwafrika aliingia kwa mlango wa nyuma, akiwa na sinia mkononi na kanzu nyeupe mwilini. Wengi wa watumishi hao walitoka Nyanza. Walitandika meza, walivuta viti vya mabibi, walisimama ukutani wakati bendi ikipiga dansi, wakayajua yote yanayohusu chakula na muziki isipokuwa kukaa. Rafiki yangu mmoja, mwalimu mwenzangu, husema kwamba uhuru wa mwaka 1963 ulikuwa mambo ya bendera na Bunge. Mimi humjibu kwamba kwa mtu aliyesimama ukutani miaka kumi na tano ulikuwa pia mambo ya kiti.

Vita vya mwaka 1939 hadi 1945 viliwapeleka vijana wetu wengi mbali, hata Burma, na baadhi yao walirudi na magitaa. Gramafoni na santuri zilikuwa zimekwisha kuingia vijijini, na kodiani pia. Kutokana na vidole vilivyozoea kusikia nyatiti, gitaa likatoa mlio mpya, wa haraka, na katika miaka ya 1960 muziki huo ukajulikana kwa jina la benga. Mmoja wa mabingwa wake, Daniel Owino Misiani, alizaliwa mwaka 1940 karibu na Shirati, Tanzania, ng'ambo tu ya mpaka wa Migori. Alifariki katika ajali ya gari Kisumu mwaka 2006, na bendi yake ya Shirati Jazz ilisikika Afrika Mashariki yote. Gitaa la umeme lilifanya jambo ambalo sarafu na benchi hazikuweza. Sauti ilifika kila pembe. Aliyekaa nyuma alisikia maneno yote, na aliyekaa mbele mno aliumwa masikio. Mlangoni akawekwa mtu wa kukata tikiti, na tikiti haiulizi umri wala ukoo, wala kama mwenye kuishika ni mwanamume au mwanamke. Mwanamke mwenye mshahara wake, mwalimu au mwuguzi, aliweza sasa kuvuta kiti, kukaa, na kuagiza kuku. Najua kwamba wazee wengi walisikitika, wakasema heshima imekufa. Sitaki kuwacheka, maana walikuwa wakipoteza mali yao ya pekee isiyoweza kuuzwa sokoni. Ila lazima nikiri pia kwamba sijapata kumsikia mwanamke mzee akililia mahali pake pa kusimama uani.

Ukienda leo katika sherehe za vijijini, upande wa Ndhiwa au Rongo au Awendo, utaona mahema meupe na viti vya plastiki, vyote sawasawa, vyepesi kama karatasi. Ungedhani usawa umekamilika. Lakini tazama vizuri: hema la wakwe limewekwa mbali na hema la wenyeji, na mama mkwe hataketi na mkwewe wa kiume, mstari wa kwanza umefungwa utepe kwa ajili ya wakubwa, na mzee mwenye mji ameletewa kiti chake cha mti kutoka nyumbani, kwa kuwa hakitaki kile cha plastiki. Chakula kitakapoliwa na bendi kuanza, msikilize msemaji mwenye kipaza sauti. Wimbo utakatika ghafla. Kijana aliye kwenye hema la mwisho kabisa, nyuma ya masufuria, ametuma fedha kwa simu, na simu imelia mfukoni mwa mwimbaji. Jina la kijana linasomwa, na jina la baba yake, na jina la kijiji alikozaliwa mama yake. Shingo zote zinageuka nyuma.